Kifua cha Baba Mkwe

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamfunga mtoto mmoja tuliyempoteza usiku kwenye khanga ya mama yake na kumkabidhi kwa bibi yake, ndipo metroni Paskalina akaniita koridoni kuniambia mwezi ujao nahamia dirisha la wagonjwa wa nje.

"Mzunguko, Faustina. Kila muuguzi anazunguka."

"Kwani mimi feni, metroni?"

Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Nina stashahada ya uuguzi, nina shahada, na juu ya shahada nikaenda tena kusomea watoto wachanga peke yao, mume nimemwacha Iringa anakula ugali mbichi wa kujipikia, ili nirudi nijue kumhudumia kiumbe anayeenea kwenye viganja viwili. Najua kutafuta mshipa kichwani kwa mtoto njiti, mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea. Najua kupitisha mrija wa maziwa puani, kupima dawa kwa tone, kumsoma mtoto kwa rangi ya midomo kabla mashine haijasema kitu. Daktari asipokuwepo naruhusiwa kuanzisha matibabu mwenyewe, na daktari mara nyingi hayupo. Leo eti nikapime presha dirishani! Mama yangu kule Tosamaganga kila nikimpigia simu ananiuliza, "Wewe mwana, umesoma mpaka mvi, bado unafuta tu watoto makalio?" Namjibu ndiyo mama, nafuta kitaalamu.

Nilirudi wodini miguu inauma. Chumba chetu cha kangaruu ni kirefu, vitanda huku na huku, na karibu kila kitanda kina mama aliyemfunga njiti wake kifuani, ngozi kwa ngozi, juu yake kitenge. Mashine za joto tunazo humohumo, lakini watoto ni wengi kuliko mashine, na baridi ya Mbeya haina adabu, inaingia hata dirisha likifungwa. Kifua cha mtu ndiyo mashine ambayo umeme haukatiki. Hilo nalo nililisomea, na mitihani nikafanya.

Kitanda cha dirishani alikuwa Tusekile, binti mdogo kutoka vijiji vya juu milimani. Alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi kwamba kofia ya kawaida ya kichanga ilimfika kidevuni. Mama mzazi wa Tusekile alishafariki. Mume wake, Lugano, yuko Mgololo anatafuta kibarua, simu yake leo inapatikana kesho haipatikani. Mama mkwe ana miguu imevimba, hatoki nyumbani. Aliyemleta hospitali na kubaki naye ni baba mkwe tu, mzee Anyelwisye, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana hao wawili hawaonani.

Sisemi wamegombana. Nasema hawaonani. Siku ile anapokelewa nilimuuliza, "Ndugu yako hapa ni nani?"

"Yule aliyenileta."

"Anaitwa nani?"

Akainamisha kichwa. "Siwezi kumtaja, sista."

Nikajua tayari, hii kesi ya polisi. Kitanda cha pili alikuwapo Bertha, mama wa Chimala mwenye biashara ya mchele, amelazwa na mtoto wake aliyekuwa kwenye mashine ya kusukuma hewa puani. Akaangua kicheko mpaka akashika mshono. "Sista, wewe wa Iringa hujui! Huyo ni Mnyakyusa. Anamtila mkwe wake."

Basi nikafundishwa. Kwetu Uheheni mkwe unampigia magoti, unamwambia kamwene, maisha yanaendelea. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, hawakai chumba kimoja. Wa mjini wengi wameshaacha, wanakula meza moja na kugombea rimoti. Lakini ukoo wa mzee Anyelwisye haukuacha. Tusekile alikuwa amemaliza miaka kwenye boma lile, anampikia mzee, anamfulia, na hajawahi kuiona sura yake. Na yeye mzee hajawahi kuiona ya kwake.

Kila mzee alipoleta chupa ya uji, alisimama nje ya mlango na kukohoa. Kukohoa kule ndiyo hodi yao. Tusekile akisikia anajifunika gubigubi na kugeukia ukutani, mimi naenda kuchukua chupa. Mzee ananiambia, huku anatazama dari, "Ndaga, asante, mwanangu. Huyo ameamkaje?" Huyo. Nikawa tarishi kati ya watu wawili wanaotengana mita chache, kila mmoja anamsikia mwenzake. Nilichoka, jamani, lakini nilikuwa nacheka.

Kicheko kiliisha asubuhi hiyohiyo ya metroni. Tusekile alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto kifuani, anakwenda kusuuza kikombe. Mzee akakohoa. Mlango ulikuwa wazi. Binti hakuwa na pa kujificha, akachuchumaa nyuma ya kitanda cha Bertha, akajikunja, kichwa kwenye magoti, kitenge juu. Nikachukua chupa, nikasema asante, mzee akaondoka. Binti hakuinuka.

"Tusekile, inuka, ameshakwenda."

Akainuka. Nikaona kitenge hakitikisiki. Nikakifungua. Shingo ya mtoto imepinda, kidevu kimezama kifuani, midomo ya bluu.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka nimeshamlaza, nimenyoosha shingo, nimesugua mgongo, nimepiga nyayo kwa kidole, nasema, "Haya baba, haya baba, vuta, usiniaibishe." Akavuta. Akalia kile kilio chao cha paka mdogo.

Nikamrudisha kifuani kwa mama yake, nikamshika mikono nikamfundisha palepale, kwa hasira. "Ukimwona amenyamaza, usiite mtu kwanza. Shingo, mgongo, nyayo. Sema."

"Shingo, mgongo, nyayo."

"Tena."

Akasema tena huku analia. Mimi nikatoka nje kumtafuta mzee.

Nilimkuta kwenye kamba za kuanikia nguo, ameketi juu ya tofali. Mzee mrefu, koti la zamani, viatu amepiga kiwi kama anaenda kanisani. Nikamporomoshea yote. Nikamwambia heshima yenu ilikuwa inaua mtoto sasa hivi. Nikamwambia mwenye njaa hana miiko, na humu ndani sote tuna njaa.

Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, yule binti ameolewa kwangu, mwanangu hayupo, mke wangu ni mgonjwa. Nyumbani tuko sisi wawili na kuta. Unadhani kwa nini analala bila hofu? Ni kwa sababu ya huo mwiko." Akainuka. "Lakini nimekusikia. Sitakohoa tena mlangoni."

Nilirudi ndani nimechukia zaidi, safari hii sijui namchukia nani.

Tangu hapo uji ukawa unakuja na mlinzi wa geti. Mzee hakusogea tena. Tusekile akatulia, mtoto akaanza kuongezeka, nami nikaanza kuhesabia moyoni kwamba huyu nitamtoa akiwa hai kabla sijakwenda kwenye dirisha lao. Kila muuguzi anaye mmoja wa namna hiyo. Hatusemi, lakini tunaye.

Kisha Tusekile akapata homa. Nilimgusa asubuhi nikahisi jiko. Mshono ulikuwa umevimba, una usaha, na daktari akasema arudi chumba cha upasuaji asafishwe, na mpaka homa ishuke asimbebe mtoto. Sawa. Na mtoto nani ambebe? Mashine za joto zote zina watu, moja ina wawili. Bertha alikuwa anangoja wake atolewe kwenye mashine ya hewa ambebe. Mimi na mwenzangu wa zamu tuna wodi nzima. Nilisimama pale na njiti mkononi, ngozi yake inaanza kuwa ya baridi, na shahada zangu zote haziwezi kumpa joto hata kidogo.

Nikatoka tena kwenye kamba za nguo.

"Baba," nikamwambia, safari hii kwa adabu, "nahitaji kifua chako."

Nilimweleza. Hakukataa. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, kitambaa cha kumfungia mtoto kisiwe kile kilichogusa mwili wa mkamwana wake. Nikampa kitenge changu mwenyewe. La pili, mkamwana akirudi, yeye atakwenda wapi?

"Atarudi humuhumu, baba. Wodi ya wazazi imejaa, na mimi nataka maziwa yake yawe karibu na mtoto. Nitaweka pazia."

"Lisifunguke?"

"Halifunguki."

Akaenda kuoga kwa sabuni. Alirudi, akavua koti, akavua shati, akakaa kwenye kiti cha pembeni macho chini, maana chumba kizima ni wanawake waliofungua vifua. Wao ndio waliona haya kidogo, kisha wakazoea. Nikamfunga mtoto kwenye kile kifua chenye mvi, kinachonukia moshi na sabuni ya mche. Mzee akashtuka.

"Ni mwepesi hivi?"

"Ndiyo alivyo."

"Hata kifaranga ana uzito," akasema, na mkono wake, mgumu kwa jembe, ukabaki hewani, hajui auweke wapi. Nikauweka.

Metroni alipita mchana. Alimwona mzee kifua wazi katikati ya wodi ya akina mama, akaona na mashuka mawili niliyoyatundika kwenye kamba kuanzia ukutani, akaniangalia kama nimepandwa na kichaa. "Faustina, nini hiki?"

"Matibabu, metroni."

"Nani ameyaidhinisha?"

"Mimi. Nimeyasomea. Mwezi ujao nitaidhinisha vidonge vya presha." Akaondoka akitikisa kichwa. Hata sikujali. Mtu akichoka kupita kiasi, woga nao unachoka.

Tusekile akarudishwa, akalazwa nyuma ya shuka. Alijua ni nani yuko upande wa pili. Alikamua maziwa bila sauti, ananipa kikombe kwa chini ya shuka. Mzee naye alimnong'oneza mtoto tu kwa Kinyakyusa, maneno marefu. Siku ya pili homa ilianza kushuka. Nilimkuta Tusekile amesogeza sikio kwenye shuka.

"Anamwambia nini?" nikamuuliza polepole.

"Anamtajia ng'ombe. Anamwambia majina ya ng'ombe wote wa nyumbani." Akafuta macho. "Sista, sikuwa najua kama ana sauti ya upole. Mimi nyumbani huwa nasikia kikohozi tu."

Mvua ilikuja mchana wa siku iliyofuata, mvua ya kwetu huku, ya mawe, inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Umeme ukakatika. Mashine za joto zikazima, mashine za hewa zikazima, na jenereta, kama kawaida yake, ikaanza kukoroma na kunyamaza, kukoroma na kunyamaza. Mwenzangu akakimbia kuwaita mafundi. Nikabaki peke yangu.

Mtoto wa Bertha ndiye aliyeacha kupumua kwanza. Nilimfikia, nikamwekea barakoa, nikaanza kumsukumia hewa kwa mpira wa mkononi. Ukishaanza hivyo huwezi kuacha. Minya, achia. Minya, achia. Bertha amesimama nyuma yangu ameshika gauni langu, hapumui na yeye.

Hapo nikasikia sauti ya mzee kutoka mwisho wa chumba.

"Sista! Mtoto kanyamaza!"

Niligeuza kichwa bila kuacha mikono. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti, nadhani, na kitenge kimelegea. Mtoto ameteleza chini, kichwa kimezama. Mzee anapapasa kwa vile vidole vyake vinene, anaogopa kumvunja, anaogopa kumwachia.

"Hapumui, mwanangu! Hapumui!"

Nikiacha mpira, mtoto wa Bertha anakufa. Nisipoacha, wa Tusekile anakufa. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna namna nyingine ya kuisema. Miaka yote ya darasani hawakunifundisha kujigawa.

"Tusekile!" nikapiga kelele. "Shingo, mgongo, nyayo! Nenda!"

Shuka halikutikisika.

"Tusekile! Nenda kwa mwanao!"

Nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa shuka. Vimeshika tu. Namjua mtu anayeogopa, na yule hakuwa anaogopa kidonda. Huyo binti angeweza kutembea juu ya moto, lakini kulifungua lile shuka kulimshinda. Minya, achia. Nikaanza kulia kwa sauti kama mjinga, mikono inafanya kazi yake, macho yanafanya yake.

Mzee ndiye aliyesema. Hakumwita jina. Hakugeuka. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika juu ya mvua, ili na sisi wengine tuwe mashahidi.

"Nimefumba macho. Njoo, mama. Nimefumba."

Na kweli alikuwa amefumba, amekaza kope mpaka uso wote umejikunja.

Shuka likafunguka. Tusekile akatoka ameshika tumbo kwa mkono mmoja, ameinama, nusu anatembea nusu anaanguka. Akapiga magoti mbele ya kiti. Akaingiza mikono ndani ya kitenge changu, kwenye kifua cha baba mkwe wake, kifua ambacho kwa sheria zao hakupaswa hata kukiona, akamwinua mtoto. Nikamsikia anasema kama anasali: "Shingo." Akanyoosha. "Mgongo." Akasugua, akasugua. "Nyayo." Akapiga kwa kidole kama nilivyompigia mimi. Hakuna kitu.

"Tena!" nikasema.

"Shingo. Mgongo. Nyayo."

Mvua ilikuwa inapiga. Nilikuwa sisikii kitu. Niliona tu mdomo wa mtoto umefunguka, mdogo kama tundu la kifungo, na Tusekile akaanguka na paji la uso kwenye goti la mzee, anacheka na kulia. Ndipo nikajua kalia.

Mtoto wa Bertha naye muda si mrefu akavuta pumzi yake mwenyewe chini ya mkono wangu, kwa hasira, kama aliyeamshwa kabla ya wakati. Umeme ukarudi. Bertha akanibusu mgongoni, akakaa chini sakafuni. Mimi mikono ilikuwa imekufa ganzi, sikuweza hata kumwondolea mtoto ile barakoa.

Nilikwenda pembeni kumtazama yule mwingine. Rangi nzuri, pumzi nzuri, analala tena kifuani kwa babu yake kana kwamba hakututesa. Tusekile alikuwa ameshamfunga vizuri, fundo la juu na la chini, kuliko nilivyofunga mimi. Alikuwa bado amepiga magoti palepale. Nikamnyooshea mkono nimrudishe nyuma ya shuka kabla mzee hajafumbua.

Hakuushika. Alikuwa anamtazama mzee usoni.

Alimtazama polepole, kama mtu anayesoma. Makunyanzi ya macho yaliyofumbwa. Paji la uso. Masikio, makubwa, yamesimama mbali na kichwa, ncha ya juu imejikunja kidogo. Kisha akamtazama mtoto, akaisogeza ile kofia kwa kidole kimoja. Akanigeukia, akanong'ona kwa sauti ndogo sana.

"Sista. Kumbe masikio ni yake."

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Sista," mzee akaita, macho bado yamekaza, jasho linamtiririka. "Ameshaondoka?"

Tusekile akanitazama. Aliniomba kwa macho tu.

"Bado, baba," nikasema. "Endelea kufumba kidogo."